Kwenzi Anakaa Kwenye Tunda: Maneno Niliyowaambia Warina Asali

Niliwaahidi wale ambao mvua iliwafungia njia kwamba nitaiandika hotuba yote, wasome wakiwa nyumbani. Ndiyo hii. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila pale nilipokuwa nakohoa.

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa kikundi, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wale wasiokuwa huku wala kule, habari za mchana.

Nilipoalikwa niliambiwa, "Mwalimu, njoo utuzungumzie mazingira." Nikacheka peke yangu. Nyinyi mnaingia porini mnalala huko wiki mbili, tatu, mnarina usiku, mnajua mti gani umechanua upande gani wa mto. Mimi nimekaa miaka thelathini darasani nikichora mti ubaoni kwa chaki. Nani amfundishe nani mazingira?

Kwa hiyo mazingira nimeyaacha nyumbani. Nimekuja na ndege mmoja.

Ndege mwenyewe mnamjua. Mvua zikikaribia, miombo ikitoa yale majani yake mekundu, mnamwona juu ya tawi kavu: mgongo na kifua zambarau inayowaka kama kaa la moto, tumbo jeupe pe! Ukubwa wake sentimita kumi na saba, kumi na nane. Uzito gramu arobaini na kitu, karibu sawa na yai la kuku wa kienyeji. Huyo ni kwenzi. Wengine mnamwita kwezi, wengine kuzi, na kila mmoja ana jina lake la kwao. Sitagombana na mtu. Kwenzi wako wengi, wa bluu, wa kijani, wa mkia mrefu. Leo nikisema kwenzi, namaanisha huyu wa zambarau mwenye tumbo jeupe.

Wataalamu nao walimwita kwa tumbo lake. Mwaka 1783 Mholanzi mmoja, Pieter Boddaert, alimpa jina la kisayansi lenye maana ya tumbo jeupe, na ndege aliyemtolea jina hilo alitoka Ouidah, pwani ya Benin. Hebu fikirini: ndege amevaa joho la kifalme, mtu anaangalia tumbo! Lakini mzee yule nimemsamehe, na sababu mtaijua baadaye.

Nianze na kosa langu.

Miaka ya mwanzo ya ualimu nilikuwa na daftari la ndege. Kila Jumamosi nilikwenda na wanafunzi kwenye mkuyu mmoja mkubwa ulio bondeni, karibu na kisima, tukaandika tulichokiona. Wiki moja tuliandika: kwenzi wa zambarau, kumi na wanane. Wiki nyingine: ndege wa kahawia wenye michirizi kifuani, hatujui jina, thelathini. Mwezi uliofuata: wa kahawia, ishirini na tano. Kisha zambarau tena. Tukaendelea hivyo misimu mitatu. Nikawaambia wanafunzi, kwa sauti ile ya mwalimu asiyejua, kwamba ndege hawa wa kahawia ni adui wa kwenzi, ndiyo maana mmoja akija mwingine anaondoka.

Basi siku moja msichana wa kidato cha pili, mpole sana, hata kunyosha kidole alikuwa akiona haya, akaniambia: "Mwalimu, jana nimemwona yule wa zambarau anamlisha yule wa kahawia."

Anamlisha nini?

"Tunda la mkuyu. Mdomo kwa mdomo."

Mnaelewa? Wale wa kahawia walikuwa wake zao! Jike la kwenzi huyu halina zambarau hata unyoya mmoja. Mgongo wa kahawia, chini nyeupe yenye michirizi ya kahawia, kama mtu aliyepita chini ya mti unaodondosha utomvu. Na ndege hawa msimu wa kuzaa ukiisha wana tabia ya kutembea makundi, mara nyingi madume peke yao na majike peke yao, kama sisi kwenye msiba. Misimu mitatu nilikuwa nahesabu waume huku, wake huku, na kuandika kwamba ni maadui.

Nawauliza akina mama: hilo mmelisikia mara ya kwanza? Kwamba mtu anahesabu wanaume, halafu wanawake anawaandika "hatujui jina"?

(Hapo akina mama walipiga vigelegele, ikabidi nisubiri.)

Sasa kwa nini jike awe hivi? Msikimbilie kusema ni kawaida ya ndege, dume hupamba, jike hufifia. Kwa kwenzi si kawaida. Mliokwenda Serengeti mmemwona yule kwenzi wa bluu mwenye tumbo la rangi ya kutu, anayerukaruka chini ya meza za watalii. Wataalamu wamemwita maridadi. Dume na jike wake huwezi kuwatenganisha kwa macho. Wote wamevaa sare. Kwa nini huyu wa Serengeti mke amevaa kama mume, na huyu wa kwetu mke amevaa gunia?

Mwaka 2009 watafiti wawili, Dustin Rubenstein na Irby Lovette, walitoa kazi yao baada ya kulinganisha kwenzi wa Afrika, spishi zipatazo 45. Walichokiona ni hiki. Kule ambako ndege wanaishi kwa ukoo, shangazi na wajomba na kaka wakubwa wote wanasaidia kulea, nafasi ya kutaga ni chache. Majike wanaigombea. Jike naye inambidi aonekane, atishe, ang'are. Kwenzi maridadi ndivyo anavyoishi. Lakini wanaoishi mume na mke wawili peke yao, bila wasaidizi, kama huyu wetu, huko mashindano yamebaki kwa madume, na jike anabaki na rangi ya gome la mti.

Na gome la mti ndilo analolihitaji, kwa sababu ni yeye anayeatamia. Nitarudi hapo.

Nimeleta kitu. (Nilitoa bahasha.) Wa mbele mnaona? Huu ni unyoya wa kwenzi dume. Niliuokota chini ya mkuyu, sikumnyonyoa mtu. Nikiushika hivi, mwanga wa dirishani ukaupiga, ni zambarau. Nikiuinamisha kidogo, umeingia wekundu, kama juisi ya rozela. Nikiugeuza mgongo kwa dirisha, je? Mweusi. Mweusi kabisa, kama wa kunguru.

Rangi imekwenda wapi?

Haikuwepo. Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Ndani ya unyoya huu hakuna zambarau. Kuna melanini, rangi nyeusi ileile iliyomo kwenye ngozi yangu na nywele zako, imepangwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, tabaka juu ya tabaka, chini ya utando mwembamba unaopitisha mwanga. Mwanga ukiingia unagonga juu na unagonga chini, miale inarudi, mingine inauana, mingine inatiana nguvu, na inayotoka na nguvu ni zambarau. Mmeona mafuta ya taa yakimwagika kwenye dimbwi la maji, yanavyotoa rangi za upinde wa mvua? Mafuta yenyewe yana upinde wa mvua? Ni hivyohivyo. Utafiti uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba hizi chembe za kwenzi zina maumbo manne: kuna zilizo kama vijiti, kuna vijiti vilivyo wazi ndani kama mwanzi, kuna bapa, na kuna bapa zilizo wazi ndani. Ndege wengi wana umbo moja tu, lile la kijiti. Kwenzi wamejitengenezea karakana.

Nilifanya jaribio moja nyumbani, na mke wangu ni shahidi, maana nilitumia kinu chake cha viungo. Nilichukua unyoya mwingine kama huu, nikautwanga mpaka ukawa unga. Mnadhani nilipata unga wa zambarau? Nilipata masizi. Masizi ya chungu! Sasa ungechukua unyoya wa bawa la kurukuru, ile sehemu yake nyekundu, ukautwanga, ungepata wekundu, kwa kuwa kurukuru ana rangi ya kweli yenye madini ya shaba ndani yake. Kwenzi ana hesabu ya mwanga tu. Ukiiharibu mipangilio, umeharibu zambarau. Kinu sikuruhusiwa tena kukigusa.

Na hata hili neno zambarau, tumelitoa kwenye tunda. Ndege anakula matunda, na rangi yake tumeiita kwa jina la tunda. Niliwahi kuulizwa na mtoto kama kwenzi anakuwa zambarau kwa kula zambarau. Nikamwambia hapana, lakini swali lako ni zuri kuliko jibu langu.

Haya, twende kwenye tunda. Hapa nyinyi warina asali mna faida kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwelezea jambo hili, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sukari hii ya dukani, tunayotia kwenye chai, kwa kisayansi inaitwa sukrosi. Ni sukari mbili zilizoshikana mikono: glukosi na fruktosi. Ili mwili uitumie, lazima mikono iachanishwe kwanza, na kinachoachanisha ni kimeng'enya. Wewe unacho tumboni. Nyuki anacho pia. Mbochi ya maua mengi ina sukrosi kwa wingi. Nyuki akishaibeba anaichanganya na kimeng'enya kinachotoka kwenye tezi za kichwani mwake, kisha mzingani wanapokezana, wanaipepea maji yatoke, na mwisho unapata asali, ambayo karibu sukari yake yote ni fruktosi na glukosi zilizokwisha kuachana. Ndiyo kazi mnayoiuza kwa lita. Nyuki amekutafunia.

Kwenzi hana kimeng'enya hicho.

Naam. Ndege anayeishi kwa vitu vitamu, sukari ya dukani tumbo lake haliiwezi. Waliwajaribu kwenzi wa Ulaya, ndugu wa ukoo huu: walipopewa maji ya sukrosi waliharisha, na wakajifunza kuyakataa, ya glukosi na fruktosi waliyanywa bila tabu. Ukoo mzima wa kwenzi na binamu zake una upungufu huo. Kwa hiyo nikisikia mtu wa mjini amemwekea kwenzi kisahani cha maji ya sukari bustanini ili ampige picha, naumwa tumbo kwa niaba yake.

Basi anakula nini? Anakula matunda ambayo sukari yake tayari imeachana. Forosadi, anazipenda mno. Mwenye mforosadi uani kwake hana haja ya kumtafuta kwenzi porini. Na kuyu. Kuyu, ndugu zangu! Kwa ndege huyu mkuyu ni ghala, ni hoteli, ni kituo cha basi.

Mkuyu unazaa lini? Nani anajibu?

(Mzee mmoja wa mbele akasema, "Wakati wowote unaoutaka.")

Umesikia mzee? Mwembe una msimu. Mfenesi una msimu. Mkuyu huu unazaa leo, ule wa ng'ambo ya mto utazaa mwezi ujao, wa tatu ulizaa mwezi uliopita. Kwa nini haukubaliani? Kwa sababu ya mdudu. Mkivunja kuyu mnaona vimdudu vyeusi ndani, mnavipuliza, mnakula. Wale ni nyigu wadogo, na bila hao mkuyu hauna mbegu. Maua ya mkuyu yako ndani ya tunda. Nyigu jike anaingia kwa kijitundu kilicho kitovuni mwa tunda, kijitundu chenyewe chembamba hata mbawa zinang'oka akiingia. Anaingiza chavua, anataga mayai, anafia humo. Watoto wake wakikomaa, madume, ambao hawana mbawa, wanawapanda majike humohumo ndani kisha wanatoboa njia ya kutokea, na majike wanaruka kutafuta mkuyu mwingine wenye kuyu changa. Na nyigu huyu uhai wake wa hewani ni siku moja, mbili. Asipopata mkuyu ulio tayari, hadithi imeisha. Kwa hiyo lazima daima kuwe na mkuyu fulani, mahali fulani, ulio tayari. Mikuyu ikikubaliana kuzaa pamoja, nyigu wanakufa, na mikuyu inafuata.

Kwenzi anaishi kwenye huo mvurugano. Mti huu ukimalizika, upo mwingine. Kazi yake ni kuutafuta.

Na kodi analipa. Mbegu za kuyu ni ndogo kama vumbi. Zinapita tumboni mwake salama na kuangukia popote atakapotua. Shuleni tulikuwa na ghala la zamani la matofali. Ukutani juu, kwenye ufa, uliota mti wa jamii ya mtini. Mkuu wa shule akaamuru ukatwe. Ukakatwa. Ukachipua. Ukakatwa tena, ukamwagiwa chumvi. Ukachipua. Mara ya tatu walileta mafuta machafu ya gari, na kwenye kikao mkuu akauliza kwa hasira, "Ni nani aliyeupanda mti huu?" Nikamwonyesha kwa dirisha: kwenzi wawili juu ya paa, na mmoja wao, Mungu ni shahidi, alikuwa anaupanda mwingine wakati uleule. Kikao kilivunjika kwa kicheko. Ghala halipo siku hizi. Mti upo.

Sasa msije mkadhani anaishi kwa matunda tu. Kumbikumbi wakitoka, mvua za kwanza, mmemwona anavyowadaka hewani? Na makinda wanahitaji wadudu ili wapate nyama. Mvua, kumbikumbi, makinda: ratiba yake imefungwa pamoja.

Nilisema nitarudi kwa jike. Nimerudi.

Kwenzi anataga kwenye tundu la mti. Hachimbi, hana mdomo wa kuchimba. Anategemea tundu lililooza lenyewe au lililoachwa na kigong'ota. Anatandika majani mabichi. Kwenzi wa Ulaya nao wanafanya hivyo, wanachagua hata majani yenye harufu, na wataalamu mpaka leo wanabishana: ni dawa ya kufukuza chawa, au ni dume anajionyesha kwa mchumba? Nyinyi mnaopaka mizinga nta na mchaichai ili kundi liingie, mna maoni yenu. Mayai ni mawili mpaka manne, ya samawati iliyopauka yenye madoa mekundu ya udongo. Jike anaatamia peke yake, siku kumi na mbili mpaka kumi na nne. Halafu wiki tatu hivi za kulisha, na hapo mume anasaidia. Humo tunduni, zambarau ingemsaidia nini? Akichungulia mlangoni, kichwa chake ni gome.

Kulikuwa na mninga mkavu mpakani mwa shamba la jirani yangu. Ulikuwa umekufa zamani, umesimama tu, na kama mita tatu kutoka chini una tundu. Mwaka ule nilikuwa nimestaafu, sina kazi, nikawa nabeba kigoda asubuhi naenda kukaa mbali kidogo. Nilimwona jike akiingia na jani bichi, akatoka, akaingia na jingine. Majani kumi na moja asubuhi moja; niliyahesabu. Dume kazi yake ilikuwa kukaa juu ya tawi na kung'ara. Siku zikapita, wakaanza kuingia na wadudu mdomoni, nikajua makinda wametoka.

Kisha jirani akafiwa na mama yake. Msiba mkubwa, watu walitoka mpaka Urambo. Siku tatu nilikuwa pale msibani kama kila mtu. Kwenye kigoda changu sikwenda. Siku ya nne nikaenda. Mninga haupo. Kuna kisiki, na vipande vya gome, na majani makavu yaliyoviringana kama kikombe.

Vijana walikuwa wametumwa kuni. Wangekata mti gani? Mbichi? Mbichi ni kosa, na hauwaki. Walikata mkavu, kama tunavyowafundisha. Na ubwabwa ule uliopikwa kwa kuni zile niliula mimi, nikaongezwa, nikashukuru. Nimlaumu nani?

Hili la mti mkavu ndilo limenileta, kama kuna lililonileta. Sisi tukiona mti umekufa tunasema umekwisha, umekuwa kuni. Mabani ya kukaushia tumbaku yanameza miti kwa matela, tanuri za mkaa nazo zinameza, na mkavu uliosimama ndio wa kwanza kubebwa, kwa kuwa hauna mtetezi. Lakini nani anakaa ndani yake? Kigong'ota, bundi mdogo, komba, kwenzi. Na nyuki! Makundi mangapi mmeyapata kwenye pango la mti uliokufa nusu? Nyuki na kwenzi wanagombea nyumba moja, na akiingia nyuki, kwenzi anahama bila kupewa notisi.

Hapa nina neno ambalo mwenyekiti hatalipenda. Mizinga ya magome inaua mti. Ukishaumenya mwombo gome zunguko zima, umekufa, na viongozi wana haki kuwasukuma mwende kwenye mizinga ya mbao. Nakubali. Lakini nimetembea maeneo yenu ya zamani, nikaona ile miti iliyomenywa miaka ishirini iliyopita imesimama mikavu, imejaa matundu ya kigong'ota, na kwenzi wamo. Babu zenu bila kukusudia waliacha nyumba za kupanga. Sisemi mrudi kumenya! Nasema tu nilichokiona, na aliyesimama pale nyuma anayetingisha kichwa, tutaongea nje.

Na mlembe, rafiki yenu, anayewaongoza kwenye asali? Mnamwimbia, mnamwachia sega. Je, mnajua yeye hajengi? Anataga kwenye matundu ya ndege wengine, na jamii za kwenzi zimo katika wanaotagiwa. Kinda lake linaanguliwa likiwa na ndoana mdomoni, na kwa ndoana hiyo linawaua makinda ya mwenye nyumba gizani. Sikusema mlembe ni mbaya. Nasema hata rafiki yako ana mambo yake ambayo hukuyauliza.

Nimebakiza safari, nayo nitaipita haraka kwa sababu jua linashuka.

Kwenzi huyu utamkuta Senegal, utamkuta Afrika Kusini, na wapo wanaovuka mpaka Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia kuzaa huko majira ya joto. Wale wa kusini, Zimbabwe na Afrika Kusini, wanafika kwao Oktoba na Novemba, na kufikia Aprili wengi wameondoka, wanapanda kuja huku kwetu Tanzania na Kenya. Hivyo kwenzi unayemwona kwenye mkuyu wa hapa mwezi wa Julai huenda alianguliwa kwenye nguzo ya ua wa mtu Bulawayo. Na yule wa Novemba ana mayai hapahapa. Mtu akiniuliza, "Mwalimu, kwenzi huyu ni wa wapi?" namjibu hana mahali. Anakaa kwenye tunda. Tunda likiwa Sikonge, ni wa Sikonge.

Sasa ndege kama huyo utamtengea hifadhi gani? Utampimia mpaka upite wapi? Nyuki wenu nao wanahama, mwaka huu mzinga umejaa, mwakani mtupu, na hamuwatukani. Mnaacha mzinga juu ya mti, mnasubiri. Mkuyu wa kisimani, mti mkavu wa mpakani, mforosadi wa uani kwa bibi fulani. Kwake yeye hizo ndizo nchi.

Yule Mholanzi wa 1783 nilisema nimemsamehe, nikaahidi sababu. Juzi nilikuwa chini ya mkuyu wa bondeni, nimelala chali, kofia usoni. Kwenzi walikuwa juu yangu wengi, dume na jike pamoja, maana ni msimu. Na kutoka chini pale, huoni zambarau. Mgongo unaangalia mbinguni. Unaona matumbo tu: matumbo meupe safi, na matumbo meupe yenye michirizi, yakiinama, yakichuma. Nikasema, kumbe tumbo ndilo linalomtambulisha, na mama naye analo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Saa kumi na nusu, ndiyo saa yao. Mkuyu wa hapa nyuma ya ofisi una kuyu mbivu, nimeuona nikiingia, na chini yake pamejaa maganda. Mnaotaka tufuatane, twende polepole, bila kelele. Darubini ni mbili tu, mtapeana. Vijana wa mlangoni, nyinyi tangulieni kwa kuwa mlishajiandaa kutoka. Ila nawaomba: mtu akimwona wa kahawia mwenye michirizi, asiniambie ameona shomoro. Mama mwenyekiti, chai itatusubiri?